Nani Aliyesema Wachina wa Kale Walikuwa Watiifu?

Kuna maelezo mepesi kuhusu Uchina yaliyoota mizizi kwetu, Nairobi na Dar es Salaam, na ni wachache wanaojisumbua kuyahoji. Utayasikia kwenye makongamano, redioni na katika hotuba za wakubwa: Wachina wameendelea kwa sababu ni watu wa kutii. Wametii kwa miaka elfu tano. Confucius aliwafundisha kumtii baba, na mtawala ndiye baba wa taifa, basi shauri likaisha. Anayetaka kujua zaidi huambiwa asome kile kitabu cha Sunzi cha mbinu za vita, kisha arudi kwenye shughuli zake akijiona ameshaijua Uchina. Na kila maelezo haya yanapotolewa, wosia wake kwetu sisi huwa haupo mbali: punguzeni maneno, tiini, nanyi mtaendelea.

Maelezo haya ni ya uongo. Sisemi kwamba yana kasoro ndogondogo au kwamba yamerahisisha mambo. Nasema ni ya uongo, na ushahidi umo ndani ya vitabu vilevile ambavyo wasemaji hao huvitaja bila kuvifungua.

Tuanze na kondoo wa wizi. Katika Lunyu, mkusanyiko wa maneno ya Confucius uliowekwa pamoja na wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wao, liwali wa mahali paitwapo She anamsimulia mwalimu huyo habari za mtu mnyofu wa kwao. Baba wa mtu huyo aliiba kondoo, na mwana akatoa ushahidi dhidi yake. Liwali anatarajia sifa. Confucius anamjibu kwamba kwao unyofu ni wa namna nyingine: baba humsitiri mwana, mwana humsitiri baba, na unyofu umo humohumo. Tazama vizuri anachokikataa. Mbele yake amekaa mtu wa serikali, anamwonyesha raia aliyeitanguliza serikali kuliko damu yake, na Confucius hataki.

Kondoo huyo hakusahauliwa. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye Han Fei, mwana wa ukoo wa kifalme wa dola ya Han aliyekufa gerezani Qin mwaka 233 K.K., alimrudia katika sura anamowaorodhesha wadudu watano wanaoila dola. Kwa masimulizi yake, mwana alipompeleka baba kwa wakuu, waziri wa dola ya Chu aliamuru mwana auawe: amekuwa mnyofu kwa mfalme lakini mpotovu kwa baba. Han Fei anaongeza kisa cha askari wa dola ya Lu aliyekimbia vita mara tatu. Confucius alipomuuliza sababu, askari alisema ana baba mzee, na akifa yeye hakuna wa kumtunza. Confucius akamwona mwana mwema, akampendekeza apandishwe cheo. Matokeo yake, asema Han Fei, Chu wakaacha kuripoti wahalifu, na Lu askari wakazoea kukimbia.

Huenda kisa hicho cha askari ni cha kubuni. Han Fei alikuwa fundi wa visa. Lakini hapa yuko mtu aliyewaza kwa makini kuliko wengi wa zama zake jinsi ya kuwafanya watu waitii dola, na anapohesabu maadui wa utii huo, wa kwanza katika orodha ni wasomi waliofuata njia ya Confucius. Aliona wazi kile ambacho wasemaji wetu hawakioni: mtu aliyefundishwa kumpenda baba yake kwa dhati ana kitu kinachomzidi mfalme. Kwa Han Fei hilo lilikuwa hatari. Leo tunaambiwa eti ndilo lililomtengeneza raia asiyeuliza swali.

Nitajibiwa kwamba kuna Xiaojing, kile kitabu kifupi cha heshima kwa wazazi kilichokaririshwa watoto wa Kichina kwa karne nyingi. Kifungueni basi. Kina sura 18. Katika sura ya 15 mwanafunzi anamuuliza Confucius kama kufuata amri za baba ndiko kumheshimu. Confucius anamshangaa kwa ukali, kwamba hayo ni maneno gani. Anaeleza kwamba zamani mfalme mwenye wakanyaji saba hakuipoteza dunia hata alipokuwa mbaya, bwana wa nchi alihitaji watano, ofisa mkubwa watatu, na baba alimhitaji mwana wa kumkanya asiingie kwenye uovu. Amri ikiwa si ya haki, mwana hana budi kuipinga. Hiki ndicho kitabu kinachotajwa kama chimbuko la utii.

Mengzi, mwanafalsafa aliyemfuata Confucius, alikwenda mbali zaidi. Mfalme Xuan wa Qi alimuuliza kuhusu wafalme wawili wa zamani waliopinduliwa na raia wao, mmoja akafukuzwa na mwingine akauawa: je, ni halali raia kumuua mfalme wake? Mengzi alimjibu usoni kwamba mtu anayeuharibu wema na haki si mfalme tena, ni mtu tu, na yeye amesikia habari za mtu huyo kuuawa, hajasikia habari za mfalme kuuawa. Kwingineko anapanga daraja: watu kwanza, kisha miungu ya ardhi na nafaka, na mfalme ndiye mwepesi kuliko wote. Maneno haya yaliandikwa karne ya nne au ya tatu K.K., na yakabaki kitabuni yakisomwa hadi yakamfikia Zhu Yuanzhang, mtoto wa maskini aliyegeuka mwasi na kuanzisha utawala wa Ming mwaka 1368. Alikasirika. Aliamuru Mengzi aondolewe katika hekalu la Confucius, ingawa baadaye alimrudisha, na mwaka 1394 wasomi wake walitoa toleo lililokatwa vifungu 85 visivyompendeza mtawala. Kama vitabu hivi kazi yake ilikuwa kufundisha utii, mkasi ule ulikuwa wa nini?

Tena nimewataja wachache tu. Mozi aliwashambulia wafuasi wa Confucius kwa mazishi yao ya gharama na muziki wao, akafundisha kuwajali watu wote bila upendeleo, akapinga vita vya uvamizi, na wafuasi wake walikuwa mafundi wa kuilinda miji iliyozingirwa. Xunzi, mfuasi wa Confucius, aliandika sura nzima ya kuwakosoa watu kumi na wawili, Mengzi akiwemo. Alisema asili ya binadamu ni mbaya na ni elimu inayomnyoosha, na kwamba kupatwa kwa jua si ujumbe kwa mtu yeyote. Katika kitabu cha Zhuangzi, Confucius anatumiwa kama mhusika wa hadithi, mara akichekwa na mara akipewa hekima. Dola zilikuwa nyingi, kila moja ikitafuta washauri, na mwenye hoja aliyekataliwa Qi alifunga mizigo akaenda Wei. Confucius mwenyewe (551–479 K.K.) alitangatanga ughaibuni takriban miaka 14 akitafuta mtawala wa kumsikiliza, na hakumpata. Hao ndio tunaoambiwa walikuwa na wazo moja.

Basi utii umetoka wapi? Umetoka, kwa sehemu kubwa, kwa watawala waliowachagua Wachina hawa wabishi na kuwatumia walipokwisha kufa. Kanuni kwamba raia amtumikie mfalme, mwana amtumikie baba, mke amtumikie mume, na kwamba dunia hutulia mambo hayo matatu yakienda sawa, hupewa Confucius kama hati ya kuzaliwa. Haimo katika Lunyu. Imo katika kitabu chenye jina la Han Fei, yule aliyewaita wasomi wa Confucius wadudu. Wakati wa utawala wa Han (si ile dola ya Han Fei) wanazuoni wa ikulu waliichukua, wakaipamba kwa nguvu za mbingu na ardhi, wakaiita mafundisho ya mwalimu mkuu. Nakubali kwamba tangu hapo dola ziliitumia kwelikweli, na watoto waliikariri, na mitihani ya kuingia serikalini ilifungwa kwenye vitabu vilivyochaguliwa. Lakini kuwepo kwa juhudi kubwa hivyo ya kufundisha utii ni ushahidi kwamba haukuwa ukimea wenyewe.

Na pale dola ilipobana kweli, tunajua kilichofuata. Qin iliziunganisha nchi zote mwaka 221 K.K. Mwaka 213 waziri Li Si, aliyesoma kwa Xunzi pamoja na Han Fei, alishauri vitabu vilivyo mikononi mwa watu vichomwe isipokuwa vya tiba, ramli na kilimo. Mwaka 209 kibarua wa mashamba aitwaye Chen She, akiwa njiani na watu 900 walioandikishwa kwenda kulinda mpaka wa kaskazini, alizuiwa na mvua pale Dazexiang, akaona atachelewa, akaasi. Mwanahistoria Sima Qian anasimulia kwamba wasomi wa Lu walibeba vyombo vya ibada vya nyumba ya Confucius wakaenda kujiunga na mwasi huyo, na kwamba Kong Jia, wa ukoo wa Confucius mwenyewe, alikuwa mwanachuoni wake na akafa pamoja naye. Mzao wa mwalimu wa utii alikufa katika jeshi la kibarua aliyeasi. Qin haikufika 205 K.K.

Hata Qin yenyewe, ambayo wengine huipenda kama mfano wa mkono wa chuma, hatuwezi kuihukumu tena kwa masimulizi ya waliokuja baada yake. Mwishoni mwa 1975 kaburi lilifukuliwa Shuihudi, wilaya ya Yunmeng, mkoa wa Hubei. Ndani yake alilazwa ofisa wa ngazi ya chini aitwaye Xi, aliyezaliwa 262 K.K. na kufariki yapata 217, na kuuzunguka mwili wake vilipangwa vipande vyembamba vya mianzi zaidi ya 1,100 vyenye maandishi. Ni sheria alizozitumia kazini. Hebu tusogee karibu. Ng'ombe wa kulimia wa serikali wanakaguliwa mara nne kwa mwaka. Msimamizi wa mashamba aliyeshinda anapewa pombe na nyama kavu. Ng'ombe akikonda, kiuno chake hupimwa, na mhusika huchapwa viboko kumi kwa kila inchi ya Kichina iliyopungua. Kwenye shokoa, kuchelewa siku tatu hadi tano ni karipio, siku sita hadi kumi ni faini ya ngao moja, kuzidi hapo ni faini ya deraya, na mvua ikizuia kazi, shokoa hiyo hufutwa.

Mvua! Sima Qian, akiandika zaidi ya karne moja baadaye, anasema Chen She aliasi kwa kuwa adhabu ya kuchelewa ilikuwa kifo. Sheria ya Xi inahusu kazi za ujenzi, na wanahistoria bado wanabishana kama walinzi wa mipaka walikuwa na sheria kali zaidi. Lakini ubishi huo ndio historia. Mianzi imetupa kitu cha kupima nacho maneno ya mshindi, na anayetuambia Qin ilikuwa hivi au vile kwa neno moja hajaipima.

Xi huyohuyo, mtu wa sheria na faini, alizikwa na falaki pia: vitabu vya kuchagua siku njema ya safari na ya ndoa, na hata jinsi ya kutambua sura ya mwizi kwa siku aliyoiba. Na katika kaburi jingine palepale Shuihudi zilipatikana barua mbili juu ya vibao vya mbao, za askari wa Qin waitwao Heifu na Jing waliokuwa vitani dhidi ya Chu, wakimwandikia ndugu yao Zhong. Wanauliza hali ya mama. Wanaomba pesa na nguo za kiangazi. Heifu anaeleza kwamba kitambaa kikiwa rahisi kule nyumbani ashonewe na kutumiwa, kikiwa ghali atumiwe pesa ashone hukohuko aliko. Ni barua za kwanza za askari wa kawaida wa Uchina ninazozijua, na hakuna wazo la miaka elfu tano ndani yake. Kuna vijana wawili walioishiwa.

Mianzi imevuruga pia vitabu vya falsafa, na vizuri sana. Tumezoea kuambiwa Laozi alisimama upande mmoja na Confucius upande wa pili. Toleo la kitabu cha Laozi tunalolisoma linataka wema na haki, maneno makuu ya wafuasi wa Confucius, yatupwe. Mwaka 1993, Guodian karibu na Jingmen, kaburi la yapata 300 K.K. lilitoa mafungu matatu ya maneno ya Laozi, machache kuliko kitabu chetu na yaliyopangwa kwa utaratibu mwingine. Mahali palipotarajiwa shambulio dhidi ya wema na haki pana maneno mengine, ambayo wasomi wengi huyasoma kama kukataa hila na kujifanya, ingawa bado wanabishania herufi moja. Na ndani ya kaburi hilohilo, marehemu alizikwa na maandishi ya upande wa Confucius, bila wasiwasi wowote. Mawangdui nako, Changsha, katika kaburi lililofungwa mwaka 168 K.K., nakala mbili za Laozi juu ya hariri zinaanza na nusu ambayo sisi tunaisoma mwisho. Hata zile "shule" tunazozikaririsha, za Dao, za sheria, za Mozi, zilipangwa hivyo na Sima Tan, baba yake Sima Qian, karne ya pili K.K., alipokuwa akizitathmini fikra zilizotangulia. Han Fei hakuwahi kujua kwamba ana shule.

Imebaki ile miaka elfu tano. Wa kwanza kuivunjavunja hakuwa mgeni, alikuwa Mchina. Gu Jiegang, aliyechapisha juzuu la kwanza la mijadala yake mwaka 1926, aligundua jambo linalopaswa kufundishwa kwa kila mwanafunzi wa historia: kadiri mfalme mtakatifu anavyodaiwa kuwa wa zamani zaidi, ndivyo maandishi yanayomtaja yanavyokuwa ya karibuni zaidi. Yu anatajwa mapema. Yao na Shun, wanaosemekana kumtangulia, wanajitokeza baadaye. Huangdi, anayesemekana kuwatangulia wote hao, baadaye tena. Historia ilikuwa inarefushwa kwa nyuma. Mwaka 1929 serikali ya Kuomintang ilikipiga marufuku kitabu chake cha shule. Na mnamo 1996 serikali ya leo ilifadhili mradi mkubwa wa kupanga tarehe za tawala za kale za Xia, Shang na Zhou, ambao mwaka 2000 uliipa Xia mwaka wa kuanza: 2070 K.K. Lakini pale Erlitou, mji wa kale unaodhaniwa kuwa makao ya Xia, hapajapatikana maandishi yanayotaja jina hilo. Maandishi ya kwanza tunayoweza kuyasoma ni ya mifupa ya ramli ya wafalme wa Shang kutoka Anyang, kuanzia yapata 1250 K.K. Na Sanxingdui, mkoani Sichuan, mashimo yaliyofukuliwa mwaka 1986 yalitoa barakoa kubwa za shaba nyeusi, meno ya tembo na sanamu ya mtu yenye kimo cha mita 2.6 pamoja na kitako chake, kazi ya watu ambao vitabu vya kale havisemi lolote la kutambulika kuwahusu. Mwendelezo upo, sikatai: herufi za Anyang zinafuatika hadi za leo, na huo ni utajiri wa ajabu. Mwendelezo wa herufi, hata hivyo, si mwendelezo wa mawazo.

Kwa nini jambo hili linaniuma mimi wa huku? Kwa sababu tunalijua vizuri shimo wanalochimbiwa wenzetu. Mwanafalsafa Hegel, katika mihadhara yake ya Berlin miaka ya 1820, aliitoa Afrika nje ya historia. Katika mihadhara hiyohiyo aliiweka Uchina mwanzoni mwa historia, kisha akaigandisha: nchi isiyobadilika, ambako mtu mmoja tu ndiye huru. Kwa karne nzima wanahistoria wetu wamepigana na nusu ya kwanza ya maneno hayo. Ni aibu kwamba nusu ya pili tunaitangaza wenyewe, tena tukiamini tunawasifu Wachina.

Na tuseme ukweli kuhusu anayefaidika. Kiongozi anayetaka kunyamazisha bunge, magazeti na vijana hujipatia wazee wa kumwombea dua katika nchi ambayo wasikilizaji wake hawajaisoma. Anamwita Confucius shahidi, naye Confucius hawezi kupanda kizimbani kusema kwamba mfalme asiyekanywa huipoteza nchi.

Taasisi ya kwanza ya Confucius barani Afrika ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata yake 2013. Mandarin ya biashara inafundishwa, na ni sawa, ajira zipo. Lakini idara zetu za historia na falsafa zimeiachia nani Uchina ya kale? Zinahitaji watu wanaosoma Kichina cha kale chenyewe, kwa sababu hapo ndipo ubishi ulipo, kwenye herufi moja ya Guodian. Vijana wetu wanapata ufadhili kwenda kusomea uhandisi na udaktari Beijing na Wuhan. Wachache miongoni mwao wapelekwe kusomea mianzi, na tayari wana pa kuanzia: yeyote aliyewahi kulinganisha nakala mbili za utenzi wa kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, beti zikapishana na mstari mmoja ukasomeka kwa njia mbili, anaijua kazi yenyewe. Picha za mianzi ya Shuihudi na Guodian zimechapishwa, kipande kwa kipande. Semina ya kwanza ianze na ile sheria ya ng'ombe: nani aliyempima kiuno, nani aliyechapwa, na ofisa aliyeinakili aliitaka hadi kaburini kwa ajili gani.